Wakulima wa Miti na Faida ya Kushirikiana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeitandaza ardhi akaotesha juu yake miti ya kila namna, mingine kwa chakula, mingine kwa kivuli, na mingine kwa kujengea. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, akina baba na akina mama, na wanafunzi wetu wa madrasa na wa skuli:

Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya mtu apandaye mti, kwamba akila ndege, au mtu, au mnyama, mpandaji huandikiwa sadaka, mmeyasikia mara nyingi. Kila msimu wa mvua unapokaribia makhatibu huyarudia, na ni maneno ya haki wala hayachoshi. Lakini leo nataka tuzungumze jambo ambalo juu ya mimbari hatulizungumzi sana, nalo ni bei. Maana mkulima amekwisha kupanda, na thawabu yake iko kwa Mola wake, haipotei. Inayopotea ni mali yake hapa duniani, tena mbele ya macho yake mwenyewe, nasi tumekaa kimya kana kwamba kupunjwa kwa mkulima wa miti si katika mambo ya dini.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kipande cha ardhi ya mchanga nyuma ya kijiji chetu, mahali ambapo mahindi hayakukubali na mihogo ilitoka myembamba kama vidole. Akapanda mivinje. Tulimsaidia kuimwagilia kwa kata miezi ya mwanzo, kisha tukaisahau, nayo ikakua yenyewe. Mwaka wa tano mdogo wangu alipata nafasi ya kuingia sekondari, na ada ikatakiwa kabla ya wiki mbili kwisha. Katika siku hizo hizo akatokea mtu juu ya pikipiki, akalizunguka shamba mara moja, hakuhesabu wala hakupima, akataja bei ya shamba zima. Baba akakubali. Siku ya tatu lori lilikuja, na kufikia jioni palibaki visiki.

Mwaka uliofuata paa la jiko letu liliporomoka. Tukaenda kwa muuza miti wa mjini kununua boriti kumi na mbili na fito za kutosha, na fedha tulizotoa zilikaribia thuluthi ya zile alizozipokea baba kwa shamba zima. Alisimama pale penye lundo, akishika boriti moja baada ya nyingine, kisha akatuuliza: "Zetu zilikuwa ngapi?" Hapakuwa na aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hatukuhesabu.

Sisemi haya ili kumlaani mnunuzi. Yule naye ana mafuta ya lori, ana vibarua, ana ushuru wa kulipa njiani, na pengine naye ana watoto wa kusomesha. Ila tujiulize, kwa nini yeye alijua bei ya boriti mjini na baba hakuijua? Jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliwakataza wafanya biashara wa Madina kutoka nje ya mji kwenda kuilaki misafara ya watu wa mashambani na kuzinunua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Na yule aliyelakiwa njiani akauza, kisha akafika sokoni akaijua bei, alipewa hiari ya kuivunja biashara ile. Tazameni hekima iliyomo. Msafara haukunyang'anywa kitu kwa nguvu, na muuzaji aliuza kwa kuridhika kwake. Lakini ridhaa ya mtu asiyejua bei ni ridhaa pungufu. Sasa linganisheni msafara ule na mkulima wa Kwale, au wa Kilifi, au wa Tanga, anayefuatwa shambani kwake na mtu anayejua kila kitu, hali yeye anajua tu kwamba ada ya mtoto haijalipwa.

Na huyu mkulima hawezi peke yake kwenda sokoni. Hili ndilo jambo ninalotaka tulikae vizuri, kwa sababu mara nyingi tunawaambia wakulima "msiuze kwa hasara" kama vile wanapenda hasara. Mwenye ekari moja ya mivinje iliyopandwa kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili ana miti kama elfu moja, tena haikomai yote kwa siku moja. Leo ana boriti mia, mwakani atakuwa na mia nyingine. Boriti mia hazijazi lori. Akilikodi lori zima kwa boriti hizo, nauli itakula faida. Akingoja miti yote ikomae, njaa haitangoja pamoja naye. Kwa hiyo anauza shamba zima, kubwa na dogo, fito na nguzo, kwa bei moja ya kukisia. Wanunuzi wa pwani wanazijua daraja hizi tangu zamani, kwani ndizo zilizotumika kwa miti ya mikoko tangu enzi za majahazi: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na kila moja ina bei yake. Mnunuzi anapochukua shamba kwa jumla, hulipa kana kwamba lote ni fito, akaenda kuuza kila mti kwa daraja yake.

Sasa wachukueni watu ishirini, kila mmoja na ekari yake. Wakiketi pamoja, wakahesabu, wakajua kwamba baina yao mwezi wa nane watakuwa na boriti elfu mbili zilizokomaa, mambo hubadilika. Lori linajaa. Mnunuzi wa mjini, ambaye zamani alimtuma mtu wa pikipiki, sasa atakuja mwenyewe, kwa maana naye anapata urahisi: mahali pamoja, hesabu moja, siku moja. Na wale ishirini wanaweza kumtuma mwenzao mmoja kwa nauli ya basi aende Mombasa, au Tanga, au Dar es Salaam, aulize bei katika yadi tatu nne, arudi awaambie. Nauli ya mtu mmoja ikigawanywa kwa watu ishirini si kitu. Huo ndio ushirika kabla haujawa na muhuri wala jengo.

Kupima nako hakuhitaji ujuzi mkubwa. Kamba moja yatosha, yenye mafundo yaliyofungwa kwa kipimo walichoafikiana na wanunuzi, inazungushwa kwenye shina kwa urefu wa kifua cha mtu mzima, na fundo linasema huu ni mti wa daraja gani. Kijana aliyefika darasa la sita anaweza kulipima shamba la baba yake kwa siku mbili na kuandika katika daftari. Enyi wanafunzi, kazi hiyo ni yenu.

Juu ya mvinje wenyewe nitasema machache, maana wapo wasioujua nao wana ardhi ya mchanga iliyolala bure. Asili yake si kwetu, ni pande za Asia ya kusini mashariki na Australia, lakini umeizoea pwani yetu kama mwenyeji. Huvumilia chumvi, upepo na udongo dhaifu, kwa sababu katika mizizi yake wamo vijidudu vinavyouvutia rutuba kutoka hewani. Ndiyo maana wazee wa vitalu huchota udongo chini ya mvinje mkubwa na kuuchanganya katika viriba vya miche. Asiyefanya hivyo pahali papya huishangaa miche yake inavyodumaa. Pale Bamburi, karibu na Mombasa, palipokuwa na machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, pametobolewa mpaka hapana hata udongo, upandaji wa miti ulianza mwaka 1971, na mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyokubali kuishi. Mtu akitembea leo hapo chini ya kivuli asingedhani palikuwa jangwa la mawe. Kasoro yake ni kwamba ukikatwa hauchipui vizuri kutoka kisikini, na moto huuua upesi. Kwa hiyo kila akataye hana budi kupanda tena, na mche mmoja mmoja hugharimu. Kitalu cha pamoja cha watu ishirini, wakipokezana zamu za kumwagilia, hupunguza gharama hiyo sana.

Ndugu zangu, mtasema: haya yote ni mazuri, lakini ada ya skuli je? Baba yangu hakuuza kwa ujinga, aliuza kwa dhiki. Ni kweli, na ushirika usiokuwa na jibu la dhiki utavunjika mwaka wa kwanza, kwa kuwa mwanachama mwenye mgonjwa ndani atauza usiku bila kuwaambia wenzake. Jibu la kwanza ni mfuko wa kusaidiana, wa mkopo mwema usio na riba, kila mtu akatoa kidogo kila anapouza. Jibu la pili limo katika fikihi yetu, nalo wengi wamelisahau. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa fedha mbele kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili ijayo. Hakuwakataza, aliwaamuru tu kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Ndiyo biashara ya salam. Basi ushirika unaweza kupokea fedha mbele kutoka kwa mnunuzi kwa boriti mia tatu za daraja fulani, urefu fulani, zitakazotolewa mwezi fulani. Hakuna aliyekopa kwa riba, wala hakuna aliyeuza shamba asilolijua. Na mnunuzi atakubali kulipa mbele, kwa maana anawaamini watu ishirini walioandikiana kuliko anavyomwamini mtu mmoja ambaye huenda akauza mara mbili. Lakini angalieni sharti: kipimo kijulikane. Asiyehesabu hawezi kuuza kwa salam, na hapo tunarudi kwenye kamba na daftari.

Wapo masahaba wa kabila la Ashari, watu wa Yemen, ambao Mtume (S.A.W.) aliwasifu kwa jambo moja. Walipokuwa safarini na masurufu yakapungua, au chakula kilipowapungukia watoto wao mjini, walikusanya vyote walivyokuwa navyo katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume akasema kwamba hao ni wake naye ni wao. Sisemi kwamba wakulima wachanganye miti yao igawanywe sawa kwa aliyepanda na asiyepanda. Mali ya mtu ni yake, na daftari litasema nani alileta boriti ngapi. Nasema kile chombo kimoja cha kupimia. Watu wote walipimiwa kwa chombo kile kile, mkubwa na mdogo, na hapana aliyeletewa kibaba chake mwenyewe kutoka nyumbani.

Sasa tutoke katika miti ya kupandwa tuende kwenye misitu aliyoiotesha Mwenyezi Mungu. Ndugu zetu wa Wilaya ya Kilwa, kusini mwa Tanzania, wanakaa pamoja na mpingo, mti mweusi mgumu ambao Makonde huuchonga na ambao huko Ulaya hutengenezewa zumari za thamani kubwa. Mti huu hukua polepole mno. Unaofaa kwa zumari umekaa miaka sabini au zaidi. Kwa muda mrefu wanakijiji waliuona ukipita mbele yao juu ya malori bila wao kupata ila ujira wa kubeba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zikakipa kijiji uwezo wa kuutenga msitu ulio katika ardhi yake, kuuwekea mpango, kuusimamia, kuuza mazao yake, na kuyaweka mapato katika mfuko wa kijiji. Sheria peke yake haikumfaa mtu. Ilibidi wanakijiji wapime mipaka na majirani, wahesabu mipingo, wakubaliane ni mingapi ikatwe kwa mwaka ili msitu usipungue, na wateue kamati ya kulinda.

Na hapo ndipo ushirikiano baina ya vijiji ulipofanya kazi. Wanunuzi wa ng'ambo wanataka hati ya kuthibitisha kwamba gogo halikuibwa na msitu haukuharibiwa. Hati hiyo hutolewa kwa utaratibu wa Baraza la Usimamizi wa Misitu duniani (FSC), na ukaguzi wake ni ghali. Kijiji kimoja hakiwezi kuulipia. Lakini kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoanzishwa kwa kazi hiyo, vijiji vya Kilwa vikaingia chini ya hati moja ya pamoja, vikianza na Kikole na Kisangi mwaka 2009, nayo ikawa hati ya kwanza ya namna hiyo barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Vijiji vingine vikafuata. Fedha za magogo zimeingia katika mambo ambayo kila mtu anayaona kwa macho, kama visima na majengo ya kijiji. Halafu, jambo ninalolipenda zaidi, mkutano wa kijiji ndio unaoambiwa ni magogo mangapi yaliuzwa na kwa kiasi gani.

Kuna watu husikia kutenga msitu wakadhani ni desturi ya kizungu ya kumfukuza maskini. Hima, yaani malisho yaliyotengwa na kulindwa kwa ajili ya wote, ilikuwapo zama za Mtume (S.A.W.), na Sayyidna Umar aliiendeleza. Alimweka msimamizi juu yake, mtumwa wake aliyemwacha huru, aitwaye Hunayy, akamwusia kwamba awaruhusu waingie wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hao wawili ni masahaba watukufu, walioahidiwa Pepo. Lakini walikuwa matajiri. Mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, bali maskini mifugo yake ikifa atakuja mlangoni na watoto wake akilia. Kamati zetu za misitu zinafanya hivyo, au zinafanya kinyume? Anayeruhusiwa kukata mti mmoja wa jeneza au wa jembe ni mjane wa mwisho wa kijiji, au ni mwenye lori aliye jamaa ya mwenyekiti? Nimesikia malalamiko ya namna hii katika zaidi ya kijiji kimoja, na sitavitaja.

Pale Gazi na Makongeni, katika Kwale, watu wa pwani wamepata njia nyingine ya kufaidika na msitu bila kuukata. Mikoko huivuta hewa ya ukaa na kuizika matopeni kwa wingi kuliko misitu mingi ya bara, na wako watu na makampuni ya mbali walio tayari kulipa ili hewa hiyo ibaki imezikwa. Wanakijiji wakaungana katika mradi waliouita Mikoko Pamoja, wakajifunga kuzilinda hekta 117 na kupanda palipokatwa, na tangu mwaka 2013 wameuza tani kama elfu tatu za hewa hiyo kwa mwaka. Fedha si nyingi kwa mtu mmoja mmoja. Lau zingegawanywa nyumba kwa nyumba zingetosha sukari. Zilipowekwa pamoja zimeleta maji ya bomba na vitabu vya skuli. Na samaki, ambao mazalio yao ni katika mizizi ya mikoko, hakuna aliyewalipia, nao wamebaki. Hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kuuza hewa ya mti wake uani. Mnunuzi hamjui, wala hawezi kuja kumkagua. Jina la mradi limesema kila kitu.

Nirudi kwa wapandaji. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, pande za Njombe na Mufindi, maelfu ya wakulima wamepanda misindano kwa ekari chache chache. Adui yao mkubwa ni moto. Mtu anachoma majani ya shamba lake la viazi mwezi wa tisa, upepo unageuka, na kazi ya miaka kumi na miwili ya jirani inakwisha alasiri moja. Mwenye ekari mbili hawezi kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba lake, maana njia yenyewe ingekula robo ya shamba. Lakini wenye mashamba hamsini yanayopakana hufyeka njia moja pana kuzunguka yote, wakaweka zamu za kulinda miezi ya kiangazi. Wakulima hao wamejiunga katika vyama vya vijiji, na tangu mwaka 2017 vyama hivyo vina muungano wao wa taifa. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji karibu. Kila ninapoona moshi mwezi wa tisa naukumbuka mfano huo.

Hata hivyo najua kwamba neno "ushirika" kwa wazee wengi lina uchungu. Wapo wanaokumbuka korosho zilizochukuliwa kwa stakabadhi na fedha zisionekane. Tanzania vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika kuvunjwa na kurudishwa huko imani ya wakulima ilipungua. Mzee akikwambia "ushirika ni wa karani," usimcheke. Alilipia maneno hayo. Dawa si kuacha kushirikiana; ni kwamba ushirika uanze mdogo, wa watu wanaojuana kwa sura, na daftari liwe mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa mtu mwingine asiyekuwa nduguye. Fedha zisikae nyumbani kwa mtu hata kama ni imamu. Nasema hivyo nami ni imamu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuyaandika madeni na kuyashuhudisha, kidogo na kikubwa, na sisi tunaona haya kumwambia mwenzetu "tuandike" kana kwamba tumemtukana.

Limebaki jambo la mirathi, nalo nisingependa niondoke bila kulitaja. Mti unaokomaa kwa miaka ishirini huenda mpandaji asiuone ukikatwa. Akifa, yatokeayo mnayajua: ndugu wanakuja, wanasema gawanyeni, na kwa kuwa miti haigawanyiki ikiwa imesimama, inakatwa yote ikiwa michanga na kuuzwa kwa mtu wa pikipiki. Mara nyingine mjane huambiwa kwamba miti ni ya wanaume. Hiyo ni dhulma isiyokuwa na msingi. Miti iliyosimama ni mali ya marehemu kama nyumba na ng'ombe. Mke ana thumni yake akiwa marehemu ameacha watoto, na robo asipoacha, na mabinti wana fungu lao. Wala hapana lazima ya kukata. Warithi wanaweza kuandika katika daftari la ushirika kwamba shamba hili ni la watu saba, kila mmoja kwa sehemu yake, likatwe mwaka fulani, na fedha zigawanywe kwa sehemu hizo. Ushirika ukiwa ndiye shahidi, ni vigumu kwa amu mmoja kuja usiku na shoka. Na ikiwa wamo mayatima, basi daftari hilo ni ngao yao mpaka wakue, na kumbe miti nayo inakua pamoja nao.

Wamekuwapo walioniuliza juu ya zaka. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii mbao na boriti hazina zaka ya mazao, kwani si chakula cha kuwekwa akiba. Lakini fedha zilizotokana nazo zikifikia nisabu na zikapitiwa na mwaka, zina zaka kama fedha nyingine yoyote, na fedha za mfuko zina masuala yake ya kuulizwa kwa mashekhe walio karibu nanyi.

Baada ya sala, wenye mivinje, misaji, mikaratusi au misindano wabaki kidogo barazani. Kamba iko, imefungwa mafundo, na vijana wawili wa darasa la saba wamekubali kuanza kesho asubuhi kwa shamba la yeyote atakayewaita. Daftari limenunuliwa, na ukurasa wa kwanza bado haujaandikwa jina.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.